Safari ya Wawili Kilimanjaro: Uamuzi wa Kiafya Kabla ya Kufika Langoni

Swali hili aghalabu huja mwishoni, dawa zikiwa zimekwisha kuandikwa na mgonjwa akiwa amekwisha kusimama. "Daktari, rafiki yangu ananishawishi tupande Kilimanjaro mwezi wa tisa. Unaonaje?" Mhudumu, ambaye bado ana foleni ndefu nje ya mlango, hutazama kipimo cha shinikizo la damu cha siku hiyo, akaona kinaridhisha, akajibu kwa maneno mawili: "Nenda tu." Mwingine husema: "Usithubutu." Majibu yote mawili yana upungufu ule ule. Yanamtazama mtu mmoja, ilhali safari ni ya wawili. Tena yanautazama mwili ulivyo leo Dar es Salaam, ilhali swali linahusu mwili utakavyokuwa katika kimo cha mita 4,700, usiku wa tatu au wa nne wa safari.

Makala haya yanawaeleza wagonjwa na wahudumu wa afya mambo ya kupima kabla ya kusema ndiyo. Hoja yetu ni kwamba uamuzi mkubwa wa kiafya katika safari hii haufanywi kileleni. Hufanywa na marafiki wawili wakiwa bado nyumbani, nao ni mapatano juu ya lini na kwa namna gani watageuka na kushuka.

Ili tueleweke vizuri, tutatumia mfano wa kutunga. Marafiki wawili, wote wenye umri wa miaka 52, walilala bweni moja walipokuwa sekondari. Mmoja ni mwalimu. Ana shinikizo la juu la damu, na dawa zake humeza kila siku bila kukosa. Mwenzake ni mhasibu. Hana ugonjwa wowote anaoujua, na hukimbia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mhasibu ndiye aliyetoa wazo la safari. Mwalimu ndiye anayeogopa.

Mlima unavyoubadilisha mwili

Watu wengi hudhani kwamba juu mlimani oksijeni imeondoka hewani. Sivyo. Hewa ya Kibo ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, sawa na hewa ya Kariakoo. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo unaoisukuma oksijeni kutoka kwenye mapafu kuingia katika damu. Katika kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, kanieneo hiyo ni takriban nusu ya ile ya pwani. Kila pumzi, kwa hiyo, huleta kiasi cha nusu tu ya oksijeni ambayo mwili umeizoea.

Mwili haukai kimya. Mtu hupumua haraka na kwa kina zaidi, hata akiwa usingizini. Moyo huongeza mapigo. Figo hutoa baikaboneti kwa wingi katika mkojo ili damu ivumilie upumuaji huo mpya, ndiyo maana mpandaji hukojoa mara nyingi. Mabadiliko haya yote yanahitaji siku kadhaa, na hakuna awezaye kuyaharakisha kwa ushujaa.

Hapa ndipo ratiba ya safari inapokuwa suala la tiba. Chukua njia ya Marangu, ambayo kwenda na kurudi ni kilomita zipatazo 70. Lango lake liko karibu na mita 1,900. Mpandaji hulala usiku wa kwanza Mandara, takriban mita 2,700. Wa pili Horombo, mita 3,700. Wa tatu Kibo, mita 4,700. Kisha usiku huo huo, karibu na saa sita, huamshwa kwenda kileleni. Ushauri wa kitabibu unaokubalika ni kwamba mtu akishavuka mita 3,000, kimo anacholala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja. Linganisha hesabu hizo mbili. Ratiba ya siku tano humpandisha mtu mita 1,000 kila siku, mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa.

Siku moja ya ziada Horombo, kwa hiyo, si anasa. Ni sehemu ya kinga, na afadhali fedha ziende huko kuliko kwenye koti la bei kubwa. Njia ndefu zaidi, kama Lemosho ya siku saba au nane, huupa mwili nafasi kubwa zaidi ya kuzoea. Marafiki wanaopanga bajeti wanapaswa kulijua jambo hili kabla ya kulipa, kwani baada ya kulipa watakuwa wanabishana na risiti.

Ugonjwa wa mwinuko na sura zake tatu

Sura ya kwanza, iliyo nyepesi na ya kawaida, ni maumivu ya kichwa yanayoambatana na kichefuchefu au kutapika, uchovu usio wa kawaida, au kizunguzungu. Kwa kawaida huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika katika kimo kipya. Wahudumu watakumbuka mizani ya Lake Louise, iliyorekebishwa mwaka 2018: kila moja ya dalili hizo nne hupewa alama 0 hadi 3, na mtu mwenye maumivu ya kichwa ambaye jumla yake inafika 3 au zaidi huhesabiwa kuwa na ugonjwa huu. Mgonjwa wa namna hiyo hubaki alipo. Anaweza kupewa dawa ya maumivu kama parasetamoli, lakini hapandi tena mpaka dalili zimekwisha. Zikizidi, hushuka.

Sura ya pili ni uvimbe wa ubongo. Mtu huanza kuyumba kama mlevi, huchanganyikiwa, hujibu maswali kombo, hatimaye hulala usingizi asioamshika. Kipimo chake hakihitaji kifaa: mwambie atembee katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, hashuki kesho asubuhi. Anashushwa sasa hivi, hata kama ni usiku, na kamwe asiachwe peke yake.

Sura ya tatu ni maji kujaa katika mapafu. Mtu hutweta hata akiwa ameketi, hukohoa, na baadaye huweza kutoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Huyu naye hushushwa mara moja, akipewa oksijeni ikiwapo na kukingwa na baridi, kwani baridi huzidisha hali yake.

Dawa zipo. Deksamethasoni husaidia katika uvimbe wa ubongo, na nifedipini katika maji ya mapafu. Lakini hakuna dawa inayochukua nafasi ya kushuka. Kushuka kwa mita 300 hadi 1,000 huokoa maisha.

Kipima oksijeni cha kidoleni kinafaa kama msaada, wala kisifanywe hakimu. Vidole vilivyopoa, rangi ya kucha na hina nzito vinaweza kukipotosha. Na mtu mwenye namba nzuri anaweza kuwa mgonjwa. Dalili zikishindana na namba, ziamini dalili.

Nani azungumze na daktari kwanza

Wako watu ambao jibu lao ni kutopanda. Miongoni mwao ni mwenye ugonjwa wa selimundu, mwenye moyo kushindwa kufanya kazi, aliyepata shambulio la moyo karibuni au mwenye maumivu ya kifua yasiyodhibitiwa, mwenye shinikizo la juu katika mishipa ya mapafu, na mwenye ugonjwa sugu mkali wa mapafu. Mjamzito hushauriwa kuahirisha safari, mlima utamngoja.

Wako wengine wengi ambao jibu lao hutegemea maandalizi.

Mwenye shinikizo la juu la damu, kama mwalimu wetu, anaweza kwenda iwapo shinikizo limedhibitiwa. Ajue kwamba siku za kwanza katika kimo kikubwa shinikizo huelekea kupanda. Haachi dawa zake hata siku moja. Daktari apitie aina ya dawa: zile za kuongeza mkojo zinaweza kumkausha maji, na zile zinazopunguza kasi ya moyo zinaweza kumfanya achoke mapema.

Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi kuliko kawaida, kwa sababu kutembea saa nyingi huishusha na mwinuko huondoa hamu ya kula. Insulini iliyoganda haifai tena. Ibebwe karibu na mwili, na usiku iingie pamoja naye katika mfuko wa kulalia. Mashine ya kupima sukari nayo inaweza kukosea katika baridi kali. Rafiki ajue kuwa kutetemeka, jasho na kuchanganyikiwa huenda ni sukari kushuka, na ajue glukosi imewekwa mfuko gani.

Mwenye pumu iliyotulia anaweza kupanda, mradi dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake, isiwe katika begi lililotangulia na mpagazi.

Lipo kundi ambalo huku kwetu halipaswi kusahaulika: waliorithi kinasaba kimoja cha selimundu. Wengi wao ni wazima na hawajui kwamba wanacho. Katika kimo kikubwa, upungufu wa oksijeni unaweza kuzifanya chembe zao nyekundu zijikunje na kuziba mishipa ya bandama. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto kwa mtu aliye mlimani si ya kupuuzwa wala kuitwa kichomi cha uchovu. Ni amri ya kushuka. Katika familia yenye mgonjwa wa selimundu, ni busara kupima kabla ya safari.

Mwisho, malaria. Mtu anayetoka ukanda wa joto anaweza kuondoka nyumbani na vimelea mwilini, na homa ikaanza siku kadhaa baadaye, yumo mlimani. Maumivu ya kichwa, kutapika na uchovu ni lugha ya malaria na ni lugha ya mwinuko pia. Kanuni ya kufuata ni hii: kila ugonjwa unaoanza katika kimo kikubwa huchukuliwa kuwa ni wa mwinuko mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mgonjwa hushuka kwanza. Kipimo cha malaria hufuata bila kuchelewa. Anayekosea kwa kushuka hupoteza siku moja. Anayekosea kwa kubaki anaweza kupoteza zaidi.

Kuhusu dawa ya kinga, asetazolamidi ya miligramu 125 mara mbili kwa siku hutumika kwa watu wazima, ikianza siku moja kabla ya kupanda. Iandikwe na daktari, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za jamii ya salfa au ugonjwa wa figo. Huongeza mkojo na huleta ganzi katika vidole, mambo ambayo mgonjwa akiambiwa mapema hayamtishi. Pombe na dawa za usingizi ziachwe nyumbani. Maji yanywewe kadiri ya kiu. Kujilazimisha kunywa kupita kiasi nako hudhuru.

Mazoezi: yanachotoa na yasichotoa

Marafiki wetu waanze kutembea pamoja wiki 8 hadi 12 kabla ya safari. Ngazi za ghorofa zinafaa. Vilima vya Pugu vinafaa kwa wikiendi. Uluguru inafaa zaidi kwa atakayeweza kufika Morogoro. Viatu vitembelewe navyo mapema, kwani malengelenge ya kisigino yamewarudisha watu ambao mapafu yao yalikuwa mazima. Katika matembezi hayo kila mmoja atajifunza mwendo wa mwenzake, na jinsi mwenzake anavyokuwa akichoka: anayenyamaza, anayekasirika, au anayeanza kutania kupita kiasi. Ujuzi huo utawafaa kuliko vifaa vingi.

Lakini mazoezi yana mpaka wake. Yanaimarisha misuli na moyo. Hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Mkimbiaji hodari anaweza kuugua, na mwenye mwili mzito asugue soli taratibu mpaka juu. Zaidi ya hayo, mwenye nguvu hukabiliwa na hatari ya pekee: anaweza kwenda haraka, na hakuna aliyemzoea akiwa dhaifu. Waongoza wageni hawakosei wanaposema "pole pole" kila baada ya hatua chache. Neno hilo ni kinga.

Kwa nini rafiki, na kwa nini mapatano

Turudi kwa marafiki wetu. Wamefika Horombo. Mwalimu, aliyekuwa anaogopa, amemeza dawa zake na anakula vizuri. Mhasibu kichwa kinamgonga tangu saa tisa alasiri. Hasemi. Yeye ndiye aliyemshawishi mwenzake. Yeye ndiye mkimbiaji. Ofisini wamemchangia, na picha ya langoni imekwisha kusambazwa kwenye simu za ukoo mzima. Anameza vidonge viwili vya maumivu gizani na kujifunika.

Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mlimani msemo huo una ukweli wa kisayansi, kwa sababu kiungo kinachopaswa kuamua, yaani ubongo, ndicho kinachokosa oksijeni. Mtu huweza kuyumba akiamini kwamba ananyooka. Kwa hiyo hawezi kuwa shahidi wa mwisho juu ya hali yake mwenyewe. Anahitaji jicho la pili, la mtu anayemjua vya kutosha kutambua kwamba leo hajibu kama anavyojibu siku zote.

Ni kweli kwamba kanuni za hifadhi humtaka kila mpandaji awe na kiongozi mwenye leseni, na kiongozi mzuri huona mengi. Lakini kiongozi amekufahamu jana. Rafiki yako anajua kwamba wewe huachi chakula.

Hata hivyo urafiki peke yake hautoshi. Unaweza hata kudhuru. Rafiki huogopa kumvunja moyo rafiki, na mgonjwa huogopa kumharibia mwenzake safari. Ndiyo maana tunashauri mapatano yafanywe mapema, kwa maneno ya wazi, na kiongozi aelezwe siku ya kwanza. Yawe na mambo manne.

Kwanza, kila asubuhi na kila jioni kila mmoja ataulizwa na atajibu kweli: kichwa, tumbo, usingizi, pumzi, mkojo. Kuficha dalili kutahesabiwa kuwa ni kuvunja ahadi.

Pili, mmoja akisema "tugeuke," hakuna mjadala wala kubembelezana. Neno la mwenye hofu lina uzito sawa na la mwenye nguvu.

Tatu, waamue mapema: mmoja akishuka, mwingine atashuka naye au ataendelea? Majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi, mradi awepo kiongozi msaidizi wa kumsindikiza anayeshuka. Lisilo sahihi ni kuliamua swali hilo saa nane za usiku, kwenye mteremko wa kokoto, katika baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri.

Nne, kila mmoja ajue dawa za mwenzake, mzio wake, na namba ya simu ya ndugu yake.

Mapatano kama hayo humwondolea mgonjwa aibu. Mwalimu wetu, aliyeona sahani ya mwenzake imerudi imejaa, hana haja ya kutafuta maneno. Anauliza maswali matano waliyokubaliana, naye mhasibu, akikumbuka ahadi, anasema kweli. Wanabaki Horombo siku ya pili. Kichwa kikipona, wataendelea. Kisipopona, watashuka, na hakuna aliyeshindwa.

Historia ya mlima wenyewe inawaunga mkono. Hans Meyer alijaribu kupanda mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria. Tarehe 3 Oktoba wawili hao walifika ukingo wa kreta, kilele kikiwa kimebaki karibu, nao wakageuka, kwa kuwa nguvu na saa havikutosha. Walipumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 Oktoba wakafika. Siku ya kugeuka ndiyo iliyoiwezesha siku ya kufika.

Kwa mhudumu wa afya

Swali likija tena mlangoni, mwombe mgonjwa aketi, au mpangie siku nyingine. Muulize njia gani na siku ngapi, maana ratiba ni nusu ya tiba. Muulize kama amewahi kulala juu ya mita 3,000 na ilikuwaje. Pitia magonjwa, dawa na mzio. Pima shinikizo la damu, himoglobini, na selimundu pale historia ya familia inapoelekeza. Mwandikie karatasi fupi ya dawa zake aibebe. Kisha uliza swali ambalo fomu zetu hazina: "Unakwenda na nani, na mmekubaliana nini?"

Ikiwezekana, waite wote wawili. Mara nyingi utagundua kwamba yule aliyekuja kuomba ruhusa amejiandaa vya kutosha, na kwamba aliyemngoja nje kwenye benchi, akiwa amejiona mzima, ndiye ambaye hajawahi kuulizwa chochote.